Mnunuzi Asipokuja, Mkulima Atakula Nini?

Na Mwandishi Wetu

Siku hizi ni nadra kuona kampuni kubwa isiyotaka kujulikana kuwa inamsaidia mkulima. Benki, viwanda vya bia, wenye mashine za kusaga na hata kampuni za simu, kila mmoja ana mradi wake wa kilimo endelevu, na kila mradi una picha ya mama aliyejifunga kitenge akitabasamu katikati ya mahindi yaliyostawi. Sisi wakazi wa mijini, ambao chakula chetu chote hutoka sokoni na dukani, tunazipokea habari hizo kwa moyo mkunjufu. Tunajua maana yake bei ya unga inapopanda tarehe 15 ya mwezi, ilhali mshahara ulikwisha gawanywa tangu tarehe 2.

Walakini picha haiingii chunguni. Mradi unaweza kuwa na mbolea, mbegu bora, mabwana shamba na sherehe ya uzinduzi, na bado ukamwacha mkulima na njaa zaidi kuliko ulivyomkuta. Wala mkulima akiwa na njaa mtu wa mjini hashibi, kwa sababu yule ambaye angetuuzia gunia anageuka kuwa mnunuzi mwenzetu, akigombea debe lile lile. Ndiyo maana makala haya yanashauri kwamba kila mradi wa namna hii, kabla haujapigiwa makofi, uulizwe swali moja: siku mnunuzi asipokuja, mkulima atakula nini?

KARANGA ZA KONGWA

Jambo la kampuni kujitwika kazi ya kulisha watu si geni katika nchi yetu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza shauri la kulima karanga Tanganyika. Waingereza walikuwa wametoka vitani, mafuta ya kupikia na majarini yakigawiwa kwa kipimo, na shauri hilo likaonekana kuwa dawa ya kila ugonjwa. Eka zaidi ya milioni 3 zilikusudiwa kulimwa, sehemu kubwa yake humu nchini, na kazi ikaanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza kufyeka mwaka 1947 kwa niaba ya serikali, kabla ya shirika maalumu la umma kuipokea kazi hiyo mwaka 1948.

Yaliyofuata yamekwisha simuliwa sana. Matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yalishindwa na vichaka vya Ugogo. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa mvua ulilimika, ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, na karanga zikafungwa humo humo. Mvua zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele mahali hapo, mazao yanayojua kuivumilia jua, lakini ujuzi wao haukuwa na nafasi katika hesabu zilizopigwa London. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36 zikawa zimeteketea.

Tukumbuke kwamba karanga zile hazikukusudiwa kumlisha Mgogo. Zilikuwa ni za majarini ya Mwingereza. Hata kama mpango ungefanikiwa, chakula kingepita Kongwa kwenda kwingine, na hilo ni jambo la kulichunguza katika mradi wowote hata leo: uhakika wa chakula unaosemwa ni wa nani?

Huko Urambo nafasi ya karanga ilichukuliwa na tumbaku, na Mkoa wa Tabora ukawa mkoa wa zao hilo, kwa mikataba, kwa mbolea ya mkopo na kwa mnunuzi anayetoka mbali. Tumbaku imewajengea watu nyumba za bati na kuwasomesha watoto wao. Si haki kulikana hilo. Lakini tumbaku hukaushwa kwa kuni za miombo, miti ambayo haioti upya kwa kasi ya tanuri, na jani lenyewe haligeuki mboga. Mwaka 2018 mmoja wa wanunuzi wakubwa alipoacha kununua, wakulima waliomtegemea walilazimika kumtafuta mwingine kwa zao ambalo hata kuku hali.

KIWANDA SI MKULIMA

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kampuni zenyewe kulima. Hilo nalo tumelijaribu. Mwaka 1972 TANU ilitoa mjini Iringa mwongozo wa Siasa ni Kilimo, na ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoilazimisha nchi kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Viwanda, shule na ofisi zilihimizwa kuwa na mashamba yao. Nia ilikuwa njema kabisa, na wapo wazee ambao mpaka leo wana bustani kwa sababu ya mazoea ya miaka ile. Ila fundi wa kiwanda cha nguo hawi mkulima kwa kupandishwa lori Jumamosi asubuhi, na shamba halingoji Jumamosi. Magugu huota hata siku ya kazi.

Kampuni inazo kazi zake inazozijua: kununua kwa wingi, kukopesha, kupima, kuhifadhi, kusafirisha, kutunza hesabu. Hizo ndizo kazi ambazo mkulima mdogo anazikosa. Jembe analo.

MUWA NA MPUNGA

Anayetaka kuliona swali letu likijibiwa kwa njia mbili na aende Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Upande wa kaskazini, Kidatu na Ruembe, karibu na Mto Ruaha Mkuu, ni nchi ya miwa. Ukishuka na reli ya TAZARA ukapita Ifakara hadi Mngeta, unaingia katika nchi ya mpunga. Ni bonde moja na mvua moja, lakini maisha ya mkulima wa huku na wa kule hayalingani hata kidogo.

Kiwanda cha Sukari cha Kilombero kilizaliwa miaka ya mwanzo ya 1960. Kilipobinafsishwa mwaka 1998 serikali ilibaki na hisa asilimia 25, na Illovo ya Afrika Kusini ikawa mwenye hisa mkubwa. Mbali na mashamba yake, kiwanda hununua miwa ya wakulima wa nje, yaani wanavijiji wanaolima katika ardhi yao wenyewe. Upanuzi uliotangazwa mwaka 2021 ulilenga kuongeza sukari kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka, na idadi ya wakulima wa nje iongezeke karibu maradufu. Sisi tulioonja uhaba wa sukari mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji, hatuwezi kuupuuza upanuzi huo.

Lakini tuutazame muwa wenyewe ulivyo. Hukaa shambani kwa muda wa mwaka mmoja hivi kabla ya kukatwa, na ukishakatwa shina huchipua tena kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo eka iliyopandwa muwa imefungwa. Mwenyewe hawezi kubadili nia mwakani akapanda mahindi. Tena muwa ukishachomwa na kukatwa, hapana budi ufike kiwandani katika siku chache, la sivyo sukari iliyomo hupungua, na mkulima hulipwa kwa kadiri ya sukari iliyomo. Mpunga unaweza kuuficha uvunguni ukingoje bei. Muwa hauna uvungu. Hauna pia mnunuzi wa pili, kwa maana hakuna mtu anayeweza kusafirisha tani 30 za miwa kwenda kutafuta kiwanda kingine mkoa mwingine. Mtambo ukiharibika au mvua ikifunga barabara, mkulima husimama pembeni ya shamba akiiangalia mali yake ikipungua utamu.

Hali ya nyumbani nayo hubadilika. Fedha za muwa huingia kwa mkupuo, aghalabu katika akaunti yenye jina la baba, baada ya kukatwa gharama za mbolea, za kukata na za kubeba. Mpunga humo ghalani huchotwa na mama kidogo kidogo, kilo mbili za kula, debe moja la kuuza ili kununua sare ya shule. Familia iliyogeuza eka zake zote kuwa muwa inaweza kuwa na fedha nyingi zaidi kwa mwaka na bado ikalala na uji mwezi Februari, kwa sababu Februari ndipo fedha zilipokwisha, na ndipo chakula kinapokuwa ghali. Emmanuel Sulle, mtafiti aliyechunguza kilimo hicho cha Kilombero, aliandika mwaka 2017 kwamba manufaa yake hayakugawanyika sawa: wenye ardhi kubwa walinufaika zaidi, na wenye vieneo vidogo wakazidi kubanwa.

Hakuna haja ya kuupiga vita muwa kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni mkataba uandikwe kwa kumfikiria anayepika. Mkataba wa kilimo cha zao la biashara ungeweza kukataa kuandikisha ardhi yote ya familia. Mwenye eka 3 akiandikisha 2, ya tatu ibaki kuwa shamba la chakula, na iandikwe hivyo, mume na mke wakiweka saini. Lori lile lile linaloleta mbolea ya muwa lilete na mifuko miwili ya mbolea ya mpunga au mahindi kwa mkopo ule ule. Malipo nayo yagawanywe, sehemu wakati wa mavuno na sehemu wakati wa njaa, kwa hiari ya mkulima. Kwa kampuni yenye mahasibu na kompyuta, haya ni mambo madogo. Hayamo katika mikataba mingi kwa sababu aliyeiandika alikuwa akifikiria tani za kiwandani tu.

YALIYOPATIKANA MNGETA

Sasa tushuke Mngeta. Hapa pana shamba la mpunga la hekta 5,800 hivi, ambalo lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Korea ya Kaskazini, kisha likalala. Mwaka 2008 lilichukuliwa na Kilombero Plantations, kampuni ya mtaji wa kigeni. Iliweka matrekta, ikajenga kinu cha kukoboa, na pia ikaanza kuwafundisha maelfu ya wakulima wadogo wa vijiji vya jirani kilimo shadidi.

Kilimo hiki chafaa kuelezwa, maana ni miongoni mwa mbinu chache zinazomfaa mtu asiye na fedha. Kiliasisiwa Madagaska, ambako padri Mjesuiti wa Kifaransa, Henri de Laulanié, alikitambua mwaka 1983. Badala ya kung'oa miche ya mwezi mmoja na kuichomeka minne minne au mitano mitano, mkulima huhamisha mche mchanga wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa mstari, nafasi ya sentimeta 25 kila upande. Jaruba halifurikishwi wakati wote. Maji huingizwa, kisha huachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, ndipo huingizwa tena. Mizizi inayopata hewa hukua, na mche mmoja huchipua machipukizi mengi. Mbegu inayotumika ni kilo 5 hadi 8 kwa hekta, ilhali anayerusha kwa mkono hutumia makumi ya kilo. Maji huokolewa, na gesi ya methani, ambayo hutoka katika majaruba yaliyofurika na kuchangia joto la dunia, hupungua.

Ubaya wake ni mgongo. Kupanda mche mmoja mmoja kwa kamba ni kazi ya siku nyingi, na palizi haisamehe, kwa sababu jaruba lisilojaa maji huotesha magugu kwa furaha. Tena penye mvua tu pasipo mfereji, huwezi kuyaamuru maji yaingie na kutoka. Kwa hiyo wakulima wengi huchagua sehemu ya mbinu hiyo inayowezekana: mbegu bora kama SARO 5, mistari, nafasi, palizi ya mapema. Na wala si vibaya. Mkulima akichagua anachokiweza, huyo amekwisha kukielewa.

Kampuni yenyewe haikudumu. Mwaka 2013 serikali iliporuhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili kupunguza bei mijini, bei ya mpunga iliporomoka, na wenye mashamba, wakubwa kwa wadogo, wakaumia pamoja. Mwaka 2015 Taasisi ya Oakland ya Marekani ilitoa ripoti iliyodai kwamba baadhi ya wanavijiji walipoteza ardhi na kwamba wengine waliingizwa katika madeni kwa mikopo ya pembejeo. Kampuni ilizikanusha tuhuma hizo. Kufikia mwaka 2019 ilikuwa imeshindwa kulipa mikopo yake, na shamba likatoka mikononi mwake.

(Hapa tujiulize sisi wa mijini. Mwaka ule wa 2013 tulifurahia mchele wa bei nafuu, na nani asingefurahi? Lakini nafuu iliyotufikia ghafla ilikuwa imetoka mfukoni mwa mtu wa Mngeta aliyekopa mbegu kwa hesabu ya bei ya zamani. Kiwanda, mkulima na mlaji wanahitaji bei isiyorukaruka kuliko wanavyohitaji bei ya chini ya mwezi mmoja.)

Basi mnunuzi wa Mngeta aliondoka. Je, mkulima alikula nini? Mpunga. Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina yake na ndugu yake wa tumbaku au wa muwa. Kinu cha mtaani kiliendelea kukoboa, wachuuzi wa Ifakara na Dar es Salaam wakaendelea kuja, na aliyejifunza kupanda kwa kamba hakupokonywa ujuzi huo na mfilisi. Lakini mwenye deni la pembejeo hakupona kwa sababu tu zao lake linaliwa. Mpunga uliotoka shambani ukaenda moja kwa moja kulipa mkopo haukupita jikoni. Mkopo wa mkulima mdogo unatakiwa uwe na bima ya mvua, na uwe na kikomo: usizidi sehemu fulani ya mavuno ya mwaka mbaya. Benki hupenda kupiga hesabu kwa mavuno ya mwaka mzuri, na mwaka mzuri hauhitaji benki.

MAZAO YENYE MILANGO MIWILI

Kuna mazao ambayo kwa asili yake yana milango miwili, mmoja wa sokoni na mmoja wa jikoni. Mbaazi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi wakulima wa Babati, Kondoa, Lindi na Mtwara waliziuza mbaazi zao India, bei ikawa nzuri, na wengi wakaongeza eka. Agosti 2017 India ikaweka kiwango cha mbaazi zitakazoingia nchini mwake, na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Kilikuwa kipigo. Walakini mbaazi hazikuwa zimepandwa peke yake. Kwa kawaida hupandwa pamoja na mahindi, mizizi yake hushuka chini sana na kuurudishia udongo naitrojeni, majani yake hudondoka yakawa mbolea, na vijiti vyake huwa kuni. Aliyekosa bei bado alikuwa na mahindi, udongo ulionona zaidi na chakula chenye protini.

Cha ajabu ni kwamba mbaazi hizo hizo watu wa Pwani huzipika kwa nazi na kuzila na maandazi kila asubuhi, ilhali mikoa mingine inayozilima kwa wingi imezichukulia kuwa ni za Wahindi. Mfanyabiashara mwenye mashine ya kubangua na kupaaza mbaazi, akazifungasha katika mifuko ya nusu kilo kwa ajili ya maduka yetu, angemfungulia mkulima mlango ambao India haiwezi kuufunga. Huo ni mradi wa kilimo endelevu uliokamilika, hata kama hauna picha ya mama mwenye kitenge.

Huko Uganda kiwanda cha Nile Breweries kilianza mwaka 2002 kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur, uliotokana na kazi ya watafiti wa Serere, na serikali ikapunguza ushuru wa bia hiyo ili mtama ununuliwe. Bia ni bia, na ukurasa huu wa familia hauna haja ya kuisifu. Lakini kwa mkulima mtama ni zao la akili kuliko shayiri: hustahimili ukame, na kiwanda kikiukataa, huwa ugali.

MDUDU AITWAYE DUMUZI

Kuna jambo moja ambalo makampuni hulipita haraka, kwa sababu halina uzinduzi wake: kuhifadhi. Turudi tena Tabora. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia huko mdudu kutoka Marekani ya Kati, na mwaka 1981 wataalamu wakamtambua. Wananchi walimwita dumuzi, na wengine, kwa jinsi alivyokuja kwa kishindo, wakamwita Skania kama lile lori. Humaliza mahindi ghalani yakabaki unga usiofaa kitu, na hupenda hasa mahindi yaliyo bado katika gunzi, yaani yaliyohifadhiwa kwa desturi yetu ya vihenge.

Hofu ya dumuzi ndiyo inayomfanya mkulima auze Julai, bei ikiwa chini kabisa. Januari anatupigia simu sisi nduguze wa mjini tumtumie fedha, naye ananunua mahindi yale yale kwa bei iliyopanda. Ni familia ngapi zinazosoma ukurasa huu zimefanya hivyo mwaka huu?

Dawa ipo na si ya ajabu. Ni kupukuchua mapema, kuyakausha mahindi juu ya turubai mpaka yakauke kweli, kisha kuyatia katika mfuko usiopitisha hewa, unaojulikana nchini kwa jina la Kinga Njaa. Ni mfuko wa kawaida wa nje wenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani yake. Ukifungwa vizuri, wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa, bila dawa yoyote. Ulianzia Kamerun miaka ya 1980, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliubuni kwa ajili ya kunde. Tahadhari ni moja: hautibu mahindi yaliyofungwa yakiwa mabichi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengi wa waliougua walikuwa watoto.

Kampuni inayonunua alizeti au pamba ingeweza kumpa kila mkulima wake mifuko mitano ya namna hii na turubai moja, ikakata gharama yake katika malipo. Ingekuwa imefanya kazi kubwa kuliko semina tatu. Nasi, badala ya kusubiri simu ya Januari, tungeweza kutuma mifuko Juni.

KANTINI YA WAFANYAKAZI

Wengi wetu hatumiliki kampuni, lakini tunafanya kazi katika kampuni zinazolisha watu. Tupige hesabu ndogo. Kiwanda chenye wafanyakazi 300, kila mmoja akila gramu 200 za mchele kwa siku 300 za kazi, kinahitaji kilo 18,000, yaani tani 18 kwa mwaka. Ili kupata mchele huo zinahitajika kama tani 28 za mpunga. Kwa mavuno ya tani 2 kwa hekta, hizo ni hekta 14, au eka 35 hivi. Familia 18, kila moja ikitenga eka 2 na kubakiwa na nyingine ya kula, zinatosha kukilisha kiwanda kizima chakula cha mchana.

Kwa kawaida mchele huo hununuliwa kwa mzabuni, naye hununua kwa dalali, naye kwa dalali mwingine aliyempimia mkulima kwa gunia la lumbesa. Kamati ya wafanyakazi na uongozi wa kiwanda wangeweza kuufupisha mnyororo huo kwa kuingia mkataba na chama cha ushirika cha kijiji kimoja: kununua kwa kilo na mizani, siyo kwa gunia, bei ya chini itajwe kabla ya kupanda, na ikiwa soko litapanda, tofauti igawanywe nusu kwa nusu, robo ya fedha itangulie wakati wa palizi, maana ndipo mkulima anapokwama, na malipo ya mwisho yafike katika siku 14 tangu mzigo kupimwa. Penye ghala lililosajiliwa chini ya sheria ya stakabadhi ya mwaka 2005, mpunga ungekaa huko na kuletwa kila mwezi, kiwanda kisihitaji bohari lake. Hospitali, shule za bweni, hoteli na makampuni ya ujenzi yanaweza kufanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri ya vinywa vyake.

Ugumu utakuwepo. Mwaka wa kwanza mchele utakuja na mawe, au utachelewa wiki mbili kwa sababu ya daraja, na mzabuni wa zamani atapita ofisini akitikisa kichwa. Ofisa manunuzi ataona ni rahisi zaidi kurudia njia aliyoizoea. Ndiyo sababu mkataba usiwe wa mwaka mmoja, bali wa mitatu, ili pande zote mbili zipate muda wa kujifunza kupeta, kupima na kusafirisha.

Mpunga wa Kilombero hupandwa kuanzia Desemba hadi Februari na kuvunwa baina ya Mei na Julai. Kantini itakayotaka kula mchele wa mkataba mwakani inatakiwa iwe imekaa na viongozi wa ushirika kabla ya mwezi Novemba, wakati mashamba yanasafishwa na kila familia inaamua itapanda nini na wapi.